Sangari Ndani ya Waya

14 Aprili
Dada Pauline, nisamehe. Kitabu hiki ulinipa Krismasi, ukaniambia niandike kidogo kidogo halafu nikutumie Bungoma, kwa sababu kwa simu sikumalizii neno kabla huyu mtoto Lorna hajalia. Sasa Pasaka inaingia na leo ndio nafungua ukurasa wa kwanza. Sina sababu ya maana. Nilikuwa nachoka tu. Nikikaa chini nalala, nikisimama kuna nepi ya kufua. Lorna ametoa meno mawili ya chini na anauma kila kitu, hata mimi.

Wacha nianze na mambo yalivyo, usije ukapotea mbele. Unajua baba mkwe, kabla hajafa, alikodisha ile sehemu ya mawe kwa kampuni wachimbe kokoto. Walichimba mpaka mawe yakaisha, wakaondoa mashine zao. Sasa sheria inawataka wafunike shimo na kurudisha majani na miti ya hapa hapa, kama vile ilikuwa kabla ya mtu kuigusa. Mpaka afisa wa mazingira atoke Kitale apime na akubali, waya waliozungushia hapo hautoki. Na ndani ya waya huo huo, kule juu ambako hakukuchimbwa, ndiko simba ya mume wangu Hesbon, ile nyumba yake ya ujana, ilikuwa kabla waibomoe. Upande ule mwingine wa boma walishagawiwa mashemeji.

Kwetu mwanamume aliyeoa hawezi kulala katika nyumba ya mama yake. Kwa hivyo mimi na Lorna tuko kwa mama mkwe, na Hesbon akitoka kazini Lodwar analala kwa binamu yake pale Naitiri, anakuja asubuhi kunywa chai kama mgeni. Juzi Lorna alimwona akalia. Waya ukitoka, tunajenga. Ni hilo tu nataka mwaka huu, Pauline. Sitaki lingine.

Kampuni imeandika sisi wanawake wa hapa tupande na kutunza. Mimi wamenifanya kiongozi kwa sababu nilimaliza fomu foo, na labda kwa sababu sina mahali pa kwenda.

16 Aprili
Mvua. Tumepanda miti ya murembe na lusiola. Lorna amekula udongo.

22 Aprili
Afisa amekuja. Anaitwa Jepkorir, msichana wa kama umri wako, gambuti safi kama zimetoka dukani leo. Ana fremu ya chuma ya pembe nne anaiweka chini, anapiga magoti, anaangalia kilicho ndani kama mtu anachagua mchele. Halafu anaihamisha mahali pengine, na pengine.

Alitusimamisha akasema, "Wakina mama, naangalia mambo manne. Udongo usitembee mvua ikinyesha. Ardhi ifunikwe na mimea ya asili, angalau robo tatu yake. Iwe ya aina nyingi, si moja. Na ile ya kigeni isitawale. Lantana na mikalitusi mkiziona, mng'oe."

Cheptoo, yule wetu wa kutoka mlimani Elgon ambaye hana breki mdomoni, akauliza, "Na sisi wenye tuliteremka juzi, madam, sisi ni asili ama kigeni? Tusije tukang'olewa."

Tulicheka mpaka wengine wakashika viuno. Yeye hakucheka. Nikaona huyu ni wa kuringa.

3 Mei
Hesbon amepiga simu. Lorna amelia. Simu imekatika.

11 Mei
Mvua nzuri, karibu kila saa nane mchana. Mahindi ya mama mkwe yamefika magotini na hakuna jani moja lisilohitajika katikati yake. Unaweza kuanika unga pale chini. Huyu mama wa miaka sabini, Nekoye wa watu, anaingia shambani kabla jogoo hajamaliza kuwika, na ukimletea uji anakunywa akiwa amesimama, macho kwenye mistari.

Ndani ya waya ni kinyume. Miche yetu imeshika lakini huioni, kwa maana kila kitu kimeota. Wandelee, mboga ya mitoo ya porini, majani ambayo sijui hata majina yake, na zaidi ya yote sangari, ile nyasi mbaya ya kutambaa. Sangari, Pauline! Imetandaa kama mkeka. Wewe unakumbuka vile baba alikuwa anatufuata nyuma na fimbo tukiacha hata kipande kimoja cha mzizi ardhini, kwa maana kipande kimoja kinazaa shamba zima.

Watu wanaopita barabarani kwenda Naitiri wanatusema. Jana mzee mmoja wa baiskeli alisimama kabisa. "Mulembe, akina mama! Hilo ni shamba ama ni malisho ya nyoka?"

Mama mkwe alikuwa karibu na alisikia. Jioni hakula.

19 Mei
Kukohoa kwa Lorna. Nimekesha.

20 Mei
Bado.

23 Mei
Amepona. Nimelala mchana kama mlevi. Mama mkwe alimbeba mgongoni akalima naye, sikujua mpaka nilipoamka.

2 Juni
Leo nataka kuandika yote kwa sababu ni siku nzuri.

Kipkosgei, msimamizi wa kampuni, alikuja jana na pikipiki akasema afisa anarudi Ijumaa kupima rasmi. "Toeni lantana, halafu mpangepange hapa," alisema. "Si mnajua vile mgeni anapokelewa."

Nani asiyejua? Mgeni akija unafagia mpaka nyuma ya choo. Nikawaambia wanawake, kesho kila mtu aje na jembe lake, tunasafisha mahali hapa mpaka aibu iondoke. Hakuna aliyeuliza swali. Usingehitaji kumwambia mwanamke wa huku maana ya shamba safi.

Leo asubuhi, kabla hatujaanza, nikaona mama mkwe anainama anapita chini ya waya na jembe lake begani. Hajaingia humo tangu baba mkwe azikwe. Nikamwambia, "Mama, wewe hujaandikwa." Akasema, "Hii ni ardhi ya mume wangu. Nani ataniandika?"

Tulilima kwa safu. Tulizungushia kila mche, tukaacha udongo mweusi unang'aa. Sangari tuliing'oa kwa mikono, tukakung'uta udongo, mizizi yote tukaitundika juu ya waya ikauke vile inafanywa, isiguse chini tena. Waya ukawa na ndevu mzunguko mzima. Mama mkwe alianza wimbo wa kulima na Cheptoo, ambaye hajui Kibukusu, alikuwa anaitikia maneno yake mwenyewe ya matusi. Mama alicheka. Sijawahi kusikia kicheko chake mwaka mzima, Pauline. Kiko juu, kama cha msichana.

Yule mzee wa baiskeli alipita akavua kofia. "Sasa hapo ndio pana watu!"

Nimejisikia kiongozi.

4 Juni
Mvua imepiga tangu mchana. Si ya kawaida, ni ile ya kupiga bati mpaka mnaongea kwa ishara. Sasa imepungua. Nimetoka nje na mwavuli nikaenda mpaka wayani. Sikuona vizuri, lakini nilisikia maji yakiteremka mahali ambapo hayakuwa yanapita.

5 Juni
Sijui nianzie wapi.

Mteremko umefunguka. Kuna mitaro mitatu imechimbika tangu juu mpaka shimoni, mmoja ukimsimamisha Lorna ndani haonekani. Miche ya upande huo imekwenda yote. Mingine imesimama kwa mizizi tu, kama mtu aliyevuliwa nguo. Chini kwenye chemchemi tunakoteka, maji yamekuwa mekundu. Wanawake waliokuja na mitungi waligeuka nayo mitupu. Cheptoo peke yake ndiye alisema, kwa sauti ndogo, "Tumefanya nini, bana?"

Kipkosgei amezunguka na pikipiki, akazima, akawasha, akaenda.

6 Juni
Jepkorir alifika saa nne. Alisimama langoni muda mrefu. Hakutoa hata ile fremu. Akaenda kwenye waya, akatoa fundo la sangari kavu, akaligeuza mkononi.

"Nani alitoa hii?"

Wote wakaangalia chini. Kipkosgei akaangalia pikipiki yake. Nikasema, "Sisi. Mimi ndiye nilisema isafishwe, mgeni anakuja."

"Mgeni ni mimi?"

"Ndiyo, madam."

Alitaka kusema kitu, lakini mama mkwe akatangulia. Alikuwa amesimama nje ya waya na mikono kiunoni. "Wewe msichana, kwenu ni wapi?"

"Pale Kwanza, upande wa Kitale, mama."

"Mnalima nini?"

"Mahindi."

"Na baba yako anaacha sangari?"

Midomo ya Jepkorir ikacheza. "Baba yangu alikuwa anatunyima chakula cha mchana kwa ajili ya sangari. Mpaka leo nikiiona, nasikia njaa."

Tulicheka kidogo, hata yeye. Halafu akaeleza polepole, akiangalia mama mkwe zaidi yetu. Ati ule udongo wa juu ambao kampuni ilitoa mwanzoni, ikaurundika pembeni na sasa ikaurudisha, ulikuja na mbegu na mizizi yake. Ati hakuna aliyepanda sangari, ilirudi yenyewe kwa sababu ni ya hapa, na ndiyo ilikuwa imeshika udongo miche ikiwa bado midogo. "Mama, kidonda kikianza kufanya ukoko, unakikwangua?"

Mama mkwe alisema tu, "Hakuna mtu alituambia nyasi hiyo iko upande wetu."

"Hapo ni kosa langu," Jepkorir akasema. "Niliwaambia mimea ya asili. Nilidhani mnaona ninachoona."

Lakini hakutupitisha, Pauline. Nilimfuata mpaka kwenye gari na Lorna mgongoni. Nikamwambia wazi kwamba nyumba yangu iko ndani ya waya huu, na mume wangu hana pa kulala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuangalia saa. Akasema, "Edah, nikipitisha leo, mwaka ujao mteremko huu uko chemchemini, na nyumba yako inaufuata." Atarudi Agosti. Ikikosa tena, waya unabaki misimu miwili zaidi. Lorna atakuwa anakimbia kwenda chekechea akitokea nyumba ya bibi yake.

Nimeandika hii nikimnyonyesha.

10 Juni
Nimemwambia Hesbon. Akasema, "Hata ningekuwa mimi, ningesafisha." Nimekaa na hilo neno siku nzima.

15 Juni
Kipkosgei ana wazo. Kuna mbegu za nyasi za uwanjani, ati zinaota haraka, kijani tupu, Agosti hakuna mtu ataona udongo. Anaogopa kazi yake, ana watoto Kiminini, namwelewa. Nikamwambia, "Ataiona. Na asipoiona, mimi nitamwonyesha kwa kidole." Akasema, "Mama Lorna, wewe ni mgumu." Nikamwambia ugumu hauna shida, nyasi ndiyo shida, na kwa nini asituletee magunia ya kuzuia maji kwenye mitaro badala yake. Jioni amerudi na magunia. Si mtu mbaya.

17 Juni
Nimeamua. Tutapanda sangari.

Andika hiyo sentensi na wewe uone vile inakaa mkononi. Wanawake walinikodolea macho. Huku ukionekana unatupa sangari kwenye shamba la mtu, huo ni uadui, watu wameitana kwa chifu kwa jambo hilo. Cheptoo akasema, "Edah, mimi nitapanda, lakini nitapanda nikiangalia kando."

Mama mkwe amekataa. Amesema kwa utulivu, na huo ndio ubaya wake. "Kwa ardhi ya mume wangu, hapana."

18 Juni
Hatuongei. Amepika chake, nimepika changu, mafiga yale yale.

21 Juni
Leo mvua ilitufungia ndani, mimi, yeye na Lorna. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilikuwa nimeyapanga. Akaanza yeye.

Alisema mume wake alipokufa, ndugu zake walikuwa wanapita ukingoni mwa shamba kila Jumapili baada ya kanisa, wamevaa suti, wakitafuta sangari. Wakiona moja wananyooshea kidole. Wangesema mjane ameshindwa, shamba limekuwa pori, apewe anayeweza. "Niliing'oa mpaka kwa mwangaza wa mwezi. Hawakupata hata moja. Kwa hivyo hili shamba lipo, na Hesbon ana pa kudai. Sasa wewe unataka niipande kwa mikono yangu, wapite waione?"

Pauline, miaka miwili nimekuwa nikifikiri huyu mama anapenda mistari kuliko watu.

Nilimshika mkono. Huwa haachi mkono wake ushikwe, lakini aliuacha. Nikamwambia, "Mama, hakuna mtu atakunyang'anya. Lakini nitaipanda. Sikuombi ruhusa, nakuambia mapema usije ukaiona kwanza kutoka barabarani. Nataka mwanao alale kwake."

Akachukua Lorna akamweka magotini. Hakusema ndiyo. Mvua ilipokatika alitoka akaenda kuangalia mahindi.

23 Juni
Tumeanza. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba sangari, nikidhani nitafukuzwa. Weh! Watu wamenikumbatia. Wananiletea kwa magunia, kwa mkokoteni, kwa karai kichwani. Wengine wananiomba nirudi kesho. "Chukua yote, mama, na mizizi! Usiache!" Cheptoo anasimama langoni akiwaambia, "Pangeni laini, leo hatupokei ya jana."

Tunachimba mifereji midogo ya kukata mteremko, tunalaza mizizi, tunafunika, tunakanyaga. Mkono wangu haukubali. Kila nikifunika, vidole vinataka kufukua.

24 Juni
Mama mkwe amekuja na jembe. Nilidhani anakuja kung'oa. Alipita mpaka kwenye mpaka wa waya na mahindi yake, akaanza kuchimba mtaro wa kina, ule wa kufika mapajani. "Hapa ndio mwisho wake," akasema. "Ikivuka hapa, wewe na mimi tutaonana." Kipkosgei akataka kumsaidia, akaambiwa akae kando, hajui mtaro unakatwa kwa pembe gani.

Mtaro utazuia sangari, na pia utazuia maji. Udongo ukiteremka utaishia humo. Tumeuongeza mpaka upande wa chemchemi.

7 Julai
Imeshika.

16 Julai
Maji ya chemchemi yameanza kuwa safi, chini panaonekana. Lorna amesimama akishika gunia.

29 Julai
Yule mzee wa baiskeli ameuliza nani ameturoga. Mama mkwe akamjibu kutoka kwa mahindi yake: "Hiyo ni ngozi, mzee. Wewe pita." Niliinama nyuma ya magunia nikicheka.

12 Agosti
Jepkorir amepima tangu asubuhi. Gambuti zake zimezeeka. Aliweka fremu kila mahali, hata kwenye mitaro iliyozibwa. Mama mkwe alimfuata hatua kwa hatua, wanabishana majina ya majani kwa lugha mbili, na mahali pamoja nilisikia, "Hapana, hiyo tunakula," na Jepkorir akasema, "Basi, ikiwa ni ya asili, kuleni na muache nyingine."

Matokeo. Udongo hautembei: imepita. Ardhi imefunikwa: imepita, na ziada. Ya kigeni: imepita. Aina nyingi: hapana. Sangari imejaa, lakini ni moja. Miti iliyokufa mwezi wa sita haijarudishwa na mvua zinaelekea mwisho. Amesema anarudi mwisho wa Septemba na hatapima upya yote, ataangalia hilo moja. Aina zikiwepo na zikiwa zimeshika mizizi, anatia sahihi siku hiyo hiyo, hapa hapa kwenye boneti ya gari.

Sikulia mbele yake. Nilimpa maziwa ya mgando akamaliza.

Hesbon ameomba likizo ya Oktoba. Sikumwambia aombe.

14 Agosti
Dada, kitabu hakijajaa lakini nakutumia hivyo hivyo na parseli inayotoka Kiminini kesho, kwa sababu nahitaji usome haraka. Kitalu cha kampuni hakina tena kitu isipokuwa lusiola chache. Kule kwenu karibu na mto kuna vyote. Usiniambie una kazi nyingi, najua. Nenda Jumamosi na watoto, wakusaidie kubeba. Hivi ndivyo ambavyo bado sina:

Vijiti vya murembe, unene wa mpini wa jembe, urefu wa mkono, ishirini. Ukate asubuhi, usiviache juani.

Vijiti vya mkuyu kumi, vivyo hivyo.

Nyasi za kuezekea, mashina manane yenye mizizi na udongo wake, kila shina kwenye gunia lake lenye maji.

Mbegu za mitoo, kikombe kimoja. Zisiwe za duka.

Chochote kinachoota kando ya mto ambacho bibi yetu alikuwa na jina lake. Uandike jina.

Lantana hapana, hata kama imechanua vizuri.

Dawa ya kikohozi ya Lorna, ile ya chupa ya kahawia.

Mkebe mdogo wa mafuta ya kujichua, ya mama mkwe, mgongo unamsumbua tangu ule mtaro na hatasema.

Na pazia moja la mlango, refu, rangi isiyoonyesha uchafu. Mlango bado haujajengwa. Wewe tuma.